Msitu Uko Chini ya Miguu Yetu: Somo la Kisiki Hai



Sisi wa elimu tumezoeshwa kwamba kipindi hakianzi bila andalio la somo, na andalio halina maana bila lengo. Lengo la makala hii ni hili: ukimaliza kusoma, uweze kumweleza mwenzako pale kwenye kimbweta kwa nini mkoa mkavu kama Dodoma unaweza kurudishiwa miti yake bila kununua mche hata mmoja, na kwa nini kazi hiyo hukwama pale ambapo wenye ardhi hawaoni faida yao. Huhitaji kuwa mtu wa sayansi. Mimi mwenyewe nasomea ualimu wa Jiografia na Kiswahili, na haya nimeyapata kwa kusoma, kuuliza, na kutembea vijijini nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha.

Tunaishi wapi?

Tuanze na mvua, maana ndiyo inayoamua kila kitu hapa. Dodoma iko kwenye uwanda wa kati, mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwaka tunapata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua, tena kwa msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi kama saba, upepo na vumbi. Wenzetu wa Bukoba wanapata zaidi ya mara tatu ya hiyo mvua yetu. Kwa hiyo mtu akija Dodoma na akili ya Bukoba, akachimba shimo, akapanda mche, akapiga picha na kuondoka, huo mche ameshauua.

Ukame si mgeni Ugogo. Wazee wa hapa wanazitaja njaa kwa majina, na inayotajwa sana ni Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Mvua zilikosekana, ndiyo, lakini pia majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu za kulima. Mbingu zilikaza, na binadamu naye akaongeza lake.

Mabadiliko ya tabianchi yamekuja kukoleza hali hiyo. Joto la dunia limeshapanda kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi tangu kabla ya enzi ya viwanda. Kwa mkulima wa Bahi au Chamwino, nyuzi hiyo moja si hesabu ya kwenye desa. Joto likizidi, unyevu wa udongo unakauka haraka. Mvua ikichelewa halafu ikashuka yote kwa siku mbili, na ardhi iko uchi, maji hayazami. Yanakimbia kwenye korongo, yanabeba udongo wa juu, na wiki moja baadaye shamba ni kavu kama vile haikunyesha. Mti ndio uliokuwa ukivunja nguvu ya ile mvua, ukipasua udongo kwa mizizi na kuweka kivuli. Mti ukiondoka, hata mvua ya kutosha inageuka kuwa haba.

Lakini tuwe wakweli: tabianchi haikushika shoka. Wakazi wa Mkoa wa Dodoma walikuwa milioni 2.08 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikawakuta milioni 3.09. Katikati hapo, mwaka 2016, serikali ilianza kuhamia hapa kweli kweli, na sisi wanachuo tumo humo. Watu wote hao wanakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho hupikwa kwa mkaa au kuni.

Yaliyojaribiwa kabla yetu

Mwalimu mzuri huanza na kile ambacho mwanafunzi anakijua. Kwa hiyo kabla ya kuleta dawa, tuangalie matibabu matatu yaliyokwisha kufanyika.

La kwanza ni Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga, ili kupata mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Matrekta yalishushwa, vichaka vikafyekwa na kung'olewa hadi mizizi. Hakuna aliyesikiliza wenyeji waliojua tabia ya mvua ile na udongo ule, ambao ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Funzo: kufyeka ni kazi ya siku chache, lakini ukishang'oa na mizizi umeondoa hata uwezo wa ardhi kujiponya. Neno mizizi ulishike, tutalirudia.

La pili ni Kondoa. Pale mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo ya kutisha, kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO. Mwaka 1979 ikachukuliwa hatua nzito: mifugo yote, takriban 90,000, iliondolewa kwenye eneo lililoharibika la kilomita za mraba 1,256. Na kweli, nyasi na vichaka vilirudi. Kumbe ardhi ilikuwa inasubiri kupumzishwa tu. Lakini jiulize maswali ya upande wa pili. Maziwa ya watoto yalienda wapi? Mbolea ya shamba je? Mahari? Familia nyingi zililazimika kuuza mifugo au kuihamishia mbali, na mzigo wa mazingira wa eneo jirani ukaongezeka. Baadaye ndipo ikaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa ndani, wanaoletewa majani zizini. Funzo: ardhi ilipona, lakini gharama ya dawa waliilipa wanakijiji.

La tatu liko nje ya mkoa wetu, Shinyanga. Huko miti ilikuwa imekatwa miaka mingi, kwanza kuangamiza mbung'o, kisha kupisha pamba. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni walihangaika na miche ya vitalu, kisha wakageukia kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tangu zamani: ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika, likaachwa lijiotee, kisha likafunguliwa kiangazi wakati ng'ombe hawana pa kwenda. Familia ikawa na ngitili yake, kijiji kikawa na ya kwake, na sungusungu na mabaraza ya wazee wakalinda. Ngitili zilianzia kwenye mamia ya hekta, zikapita hekta 300,000. Mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Funzo: msitu ulirudi pale ambapo mwenye ng'ombe aliona faida ya kuusubiri.

Hesabu ya ndoo

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme klabu yetu imepanda miche 100 karibu na hosteli. Kila mche unahitaji lita 5, mara mbili kwa wiki. Hizo ni lita 1,000 kwa wiki, sawa na ndoo 50 za lita ishirini. Kiangazi chetu kina wiki kama 30. Zidisha: ndoo 1,500. Nani atazibeba? Katikati hapo kuna mitihani, kuna likizo ndefu, kuna mwezi ambao bumu limechelewa na mtu anawaza ugali.

Halafu tazama kalenda. Siku ya Misitu Duniani ni tarehe 21 Machi, mvua zetu zikiwa zimebakiza wiki chache. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni, na kufikia hapo Dodoma haijaona tone kwa mwezi mzima au zaidi. Kalenda hizo ni za dunia nzima, hazikutungwa kwa ajili ya Ugogo. Ukizifuata kibubusa, unampeleka mtoto mchanga jangwani.

Sisemi upandaji hauna kazi. Kwenye shule, barabarani, hospitalini na majumbani, mahali penye bomba na mtu wa kumwagilia, panda. Miarobaini na mijohoro tunayokaa chini yake kusoma ilipandwa na watu, Mungu awabariki. Ila kwa maelfu ya hekta za mashamba na malisho vijijini, hesabu ya ndoo haitoki.

Kisiki hai ni nini?

Hapa ndipo turudi kwenye ile mizizi. Mti mwingi wa nyanda kavu ukikatwa haufi. Migunga, mikungugu, mipingo na jamaa zao huchipua upya, kwenye kisiki au kwenye mizizi. Kinachoonekana juu ni kijichaka kifupi, machipukizi ishirini yanayogombania chakula, mbuzi wanayatafuna, mkulima anayafyeka kila anapoandaa shamba. Mwaka unaofuata yanachipua tena, yanafyekwa tena. Juu ni kama kichaka kisicho na thamani. Chini kuna mizizi ya mti mzima, pengine ina umri kuliko babu yako, na imeshafika kwenye unyevu ambao mche wako wa kwenye kifuko utaufikia baada ya miaka.

Aliyeifanya njia hii ijulikane duniani ni Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa akifanya kazi Maradi, nchini Niger. Alikuwa amehangaika na miche iliyokuwa ikifa, hadi mwaka 1983 alipotazama kwa makini vichaka vya pembeni ya njia na kugundua kuwa ni miti iliyokatwa inayojaribu kurudi. Alianza na wakulima wachache. Leo Niger ina zaidi ya hekta milioni 5 zilizorudishiwa miti kwa namna hiyo. Hapa kwetu njia hiyo inaitwa Kisiki Hai, na tangu 2018 shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi wameieneza kwenye mamia ya vijiji vya Dodoma na mikoa jirani, wakitumia wakulima wenyewe kama walimu na hata sinema za vijijini.

Hatua zake ni hizi, na ukiwa na panga kali unaweza kuzifundisha kwa nusu saa:

1. Chagua. Tafuta kisiki chenye machipukizi. Teua mawili hadi matano yaliyonyooka na yenye afya.

2. Pogolea. Kata yaliyobaki, kisha ondoa vijitawi vya chini kwenye yale uliyoyateua, hadi kama nusu ya urefu wake. Kata kwa chini kwenda juu ili gome lisichanike. Nguvu yote ya mizizi sasa inaenda kwa wachache.

3. Weka alama. Funga kitambaa cha rangi inayoonekana. Hii ni lugha: inamwambia mchungaji, jirani na mtoto wa kuokota kuni kwamba huu si msitu wa mtu yeyote tu, una mlezi.

4. Linda. Mbuzi, moto na shoka visiufikie. Rudi baada ya miezi kadhaa, pogolea tena. Ulichokata si taka: ni kuni, ni majani ya mifugo, ni fito za uzio.

Hakuna ndoo hapo. Na kwa mkulima faida haichukui miaka ishirini. Migunga ni ndugu wa kunde na maharage, inaongeza naitrojeni kwenye udongo. Maganda yake huangukia kiangazi, wakati ambao mbuzi hawana kitu. Mtama ulio karibu nayo unapungukiwa na upepo mkali.

Njia hii ina mipaka yake. Mahali ambapo mizizi iling'olewa au kufa kabisa, kama yale mashamba ya matrekta, huwezi kupogolea kisichokuwepo. Mahali ambapo udongo umeganda juu kama sahani, inabidi kwanza kukamata maji. Ukienda Pembamoto, wilayani Kongwa, utaona matuta yenye umbo la nusu mwezi, mgongo wake ukiwa upande wa mteremko. Maji yanayokimbia yananaswa ndani, yanazama, na mbegu za nyasi zilizokuwa zimelala udongoni zinaamka. Kwenye mashamba ya miteremko kuna fanya juu na fanya chini. Kila jeraha na bandeji yake.

Swali la yule kijana

Mpaka hapa somo ni rahisi. Sasa tufike kwenye kifundo.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya sekondari kijijini, ndani ya mkoa huu. Siku hiyo mada ilikuwa uharibifu wa misitu, Kidato cha Tatu. Niliwaomba wataje visababishi. Binti mmoja wa mbele akajibu kama kitabu kinavyosema: "Wachoma mkaa." Darasa likacheka na kugeuka nyuma, kumtazama kijana mmoja. Yeye hakukasirika. Akanyoosha mkono, akasimama.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Mkaa ndio umenishonea hii sare. Nikiacha, hiyo miti itanishonea lini?"

Nilimwambia akae, kwamba swali lake ndilo litakuwa kipindi chetu kizima. Tukahesabu ubaoni. Gunia moja la mkaa linatoka miti mingapi, mchomaji anabakiwa na shilingi ngapi, na dalali na muuzaji wa mjini wanabakiwa na ngapi. Namba zilikuwa zao, wanazijua kuliko mimi. Kisha tukahesabu kisiki kimoja kinachopogolewa: fito, kuni, asali kama ukitundika mzinga, maganda ya mbuzi. Jibu halikutoka zuri kama nilivyotamani. Kwa mwaka wa kwanza, mkaa ulishinda. Mwaka wa tatu na wa nne ndipo shamba la visiki lilipoanza kuukaribia. Yule kijana akasema taratibu, "Basi shida ni hiyo miaka miwili ya katikati, mwalimu."

Sijasikia muhtasari bora kuliko huo. Urejeshaji wa misitu wote, ukiondoa sherehe na fulana, ni swali la nani atambeba mwanakijiji katika ile miaka miwili ya katikati. HADO haikumbeba vya kutosha, ikatumia amri. Ngitili zilimbeba, maana nyasi zilipatikana kiangazi hicho hicho. Sheria ya Misitu ya 2002 inaviruhusu vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao, na jirani zetu wa Mgori, Singida, walishaanza kulinda msitu wao kijiji kwa kijiji tangu miaka ya 1990. Mtu halindi mali ya serikali usiku wa manane. Analinda yake.

Na tusisahau mwisho wa lile gunia ni wapi. Linashuka kwenye bodaboda alfajiri, linaingia mjini, linafika kwenye mageto yetu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri, lakini mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi, wengi wetu tunarudi kwenye kopo la mkaa la mama wa jirani. Kwa hiyo tunapomhukumu yule kijana, tukumbuke kwamba sisi ndio wateja wake.

Sisi tufanye nini?

Napendekeza mambo manne, yote yako ndani ya uwezo wa chama cha wanafunzi.

Kwanza, siku yetu ya kupanda miti ihamie kwenye kalenda ya Dodoma: Desemba au Januari, mvua zikishashika. Wanaokuwa likizo watakuwa na siku ya pili, ya kupogolea.

Pili, kabla ya kuchimba shimo lolote, tufanye matembezi ya visiki. Maeneo ya wazi yanayozunguka chuo yana vichaka ambavyo tunavipita kila siku tukiwahi pindi. Kila ndaki ichukue kipande chake, ihesabu visiki hai, ifunge vitambaa.

Tatu, tubadilishe namna ya kuripoti. Badala ya kutangaza miche iliyopandwa, tutangaze miti iliyo hai mwezi Novemba, mwisho wa kiangazi. Namba itakuwa ndogo, lakini itakuwa ya kweli.

Nne, sisi walimu wa kesho tulibebe somo hili. Shule nyingi za vijijini zina eneo, zina visiki, zina watoto wanaojua kila mti kwa jina la Kigogo na kazi yake. Zana za kufundishia ziko nje ya dirisha, bure.

Maswali ya kujadili kwenye kimbweta

1. Taja tofauti mbili kati ya mizizi ya mche wa kifukoni na mizizi ya kisiki hai wakati wa kiangazi cha Dodoma.

2. "Kondoa ardhi ilipona, lakini gharama waliilipa wanakijiji." Je, kulikuwa na njia nyingine mwaka 1979? Tetea jibu lako.

3. Rudia hesabu ya ndoo kwa miche ambayo ndaki yako inapanga kupanda. Andika majina ya watakaobeba maji mwezi Septemba.

4. Mjibu yule kijana wa Kidato cha Tatu. Usiandike zaidi ya sentensi tano, na usitumie neno "elimu itolewe".